Shemeji Anataka Kuprintiwa Titi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fotokopi, chini ya bango linalosema CHAPA, NAKALA, LAMINESHENI, PICHA ZA PASPOTI PAPO HAPO. Papo hapo maana yake ni siku hiyohiyo, umeme ukiwepo na mashine ikiwa na hiari. Mashine ikikwama, Fotokopi hutoka nje kupunga upepo, ndiyo sababu ni mwenzetu wa kudumu. Kipara ni kinyozi wa jirani, hana unywele hata mmoja kichwani, na wateja wake hawajaamua kama hilo ni tangazo au ni onyo. Wizara alikuwa karani wa masijala. Alistaafu zamani, lakini bado husema "sisi kule wizarani" kama mtu aliyetoka nje mara moja kununua kalamu. Muuza kahawa huzunguka na birika lake, na katika miaka yote hii tumemsikia akitamka neno moja tu: "Niongeze?" Wa mwisho ni Sponji, fundi makochi, mtu mpole ambaye huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Siku hiyo tulimkuta amekwishakaa kabla hata ya birika, na hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi.

— Nipeni sababu moja, — alisema Sponji hata salamu hazijaisha. — Moja tu, lakini iwe nzito.

— Sababu ya kufanya nini? — aliuliza Kipara.

— Ya kumzuia mama watoto. Leo anakwenda kutoa jibu pale hospitali kubwa, kabla hawajafunga ofisi mchana. Akisema ndiyo, wanamrudisha chumba cha upasuaji.

Sote tulijua habari ya mkewe. Mwaka juzi saratani ilimwondolea titi la kushoto. Alitibiwa akapona, madaktari walisema amepona, na Wizara akaongeza kwamba amepona rasmi. Sponji alimkatia kipande cha sponji laini, ile ya magodoro ya watoto wachanga, awe anakiweka ndani ya sidiria akienda harusini. Nyumbani hakivai. Kijiwe kizima kilijua hayo na hakikuwahi kuyatangaza, jambo ambalo kwa kijiwe hiki ni sawa na muujiza.

— Imerudi? — Wizara aliuliza kwa sauti ya chini.

— Haijarudi. Ni mzima, ananishinda mimi. Wanataka kumtengenezea jingine.

— Jingine la nini? La plastiki?

— La nyama. Wanataka kumprintia.

Bila kuambiana, sote tukageuza vichwa kumtazama Fotokopi. Yeye alikuwa amenyanyuka kwenda kuichungulia mashine yake. Akarudi kukaa taratibu, akanyoosha mikunjo ya suruali kama hakimu.

— Rudia hapo, — alisema.

— Wanataka kumprintia titi.

— Na hamkuja kwangu?

— Fotokopi, tafadhali.

— Sina maana niprinti mimi. Nina maana ushauri wa kitaalamu. Mtu anaingia kwenye mambo ya kuprinti, nyumba ya tatu anaye mtu wa kuprinti, halafu anakwenda kumuuliza daktari! Ndiyo maana wahenga walisema nabii hakubaliki kwao.

— Hebu mwache aeleze, — alisema Kipara. — Wanaprinti vipi nyama?

Sponji akapokea kikombe, hakukinywa.

— Daktari alitueleza sote wawili. Wanachukua mafuta kidogo tumboni kwake mwenyewe. Humo wanachambua chembe hai, wanazilea maabara mpaka zinakuwa nyingi. Halafu wanazichanganya na uteute fulani mzito, ndio wino wao. Mashine inautandaza tabaka juu ya tabaka, mpaka inatoka kitu chenye matundu matundu ndani, mishipa ya damu ipate pa kupita. Wanamwekea. Ule uteute unayeyuka polepole, mwili wenyewe unajaza nafasi. Hapo kwenye matundu ndipo nilipoelewa mimi. Sponji isiyo na matundu haipumui. Kwingine kote nilikuwa naitikia tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Kipara, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile methali ikawa imekaa mahali pake. Yeye mwenyewe alishtuka, akaomba kahawa.

— Sasa nisikilizeni, — Fotokopi alianza. — Swali la kwanza. Orijino iko wapi?

— Orijino ya nini?

— Nakala haitoki hewani, bwana. Orijino walishaiondoa mwaka juzi. Watanakili nini?

— Lipo la kulia, — alisema Sponji.

— Aha! La kulia. Ukinakili la kulia unapata nini? La kulia! Shemeji atatoka mle na makulia mawili. Labda waligeuze kama kwenye kioo, na kitufe cha kugeuza ndicho cha kwanza kufa kwenye kila mashine. Cha kwangu kilikufa kabla sijamaliza kulipamba duka. Swali la pili: wino ukiisha katikati? Swali la tatu: umeme ukikatika tabaka la sita? Mimi umeme ukikatika, karatasi inatoka na kichwa cha habari bila habari.

— Hospitali wana jenereta.

— Na mimi ninayo. Swali la nne: wakimaliza, wanapiga laminesheni? Maana bila laminesheni kitu chochote kinaingia maji.

Sponji akatikisa kichwa.

— Hiyo si sababu, Fotokopi. Nikimwambia hivyo atacheka. Na mama watoto akicheka, ujue ameshinda.

Kipara akakohoa. Kinyozi akikohoa, kijiwe hujua ushahidi wa kisayansi unakuja.

— Mimi sina shida na mashine. Shida yangu ni yale mafuta. Mafuta ya tumbo yana akili ya tumbo. Utayahamishia kifuani, utayabadilisha jina, lakini yenyewe yanajua yametoka wapi. Nina mteja wangu aliungua kidevu, wakambandika ngozi ya paja. Mpaka leo nikimnyoa, upande mmoja zinatoka ndevu, upande wa pili vinatoka vinyweleo vya paja. Kabisa! Vimelala, havina hamaki.

— Sasa hilo linahusiana nini na mke wangu?

— Linahusiana, kaka. Shemeji akiona njaa, kifua kitanguruma. Akishiba, kitavimba upande mmoja. Mko kanisani, mko msibani, watu wametulia, upande wa kushoto unalia njaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Zile chembe si mtoto.

— Umesema mwenyewe zinalelewa maabara. Nani anayezilea? Ana tabia gani? Umeuliza?

Sponji hakuuliza. Ilionekana wazi usoni kwamba hakuuliza, na kwa kitambo kidogo alifikiria kama angepaswa kuuliza. Ndiyo hatari ya kijiwe chetu: ukikaa muda wa vikombe viwili, unaanza kuona tumesema kitu.

Hapo Wizara akainua kidole. Yeye hakatizi mtu. Huinua kidole na kungoja, hata kama anayezungumza ni yeye mwenyewe.

— Ndugu wajumbe. Naona tunaingia kwenye hoja kabla ya utaratibu. Napendekeza tukae kama kamati.

— Tumeshakaa, — alisema Fotokopi.

— Mmekaa kama watu. Nasema tukae kama kamati. Akidi imetimia. Kumbukumbu nitachukua mimi, kichwani kama kawaida. Swali la msingi ni moja: kiungo husika ni kitu gani?

— Kiungo husika ndiyo nini?

— Kiungo husika, — Wizara alirudia, akitazama juu ya paa za nyumba za mbele. — Hilo linalozungumziwa. Sheria inataka kila kitu kiwe na fungu lake. Je, ni dawa? Kama ni dawa, iwe na tarehe ya kuisha muda, iandikwe mahali panapoonekana. Je, ni kifaa? Kama ni kifaa kilichowekwa na taasisi ya umma, kitakuwa na namba ya mali, rangi nyeupe, kama viti vyetu kule wizarani, na kitakaguliwa kila mwisho wa mwaka wa fedha. Mkaguzi atakuja nyumbani kwako na kalamu sikioni. Huwezi kumkatalia.

— Atakuja kukagua nini? — Sponji alishtuka.

— Kuhakiki kama bado kipo. Na shemeji akitaka kusafiri kwenda kwa dada yake, mali ya umma haitoki nje ya eneo bila hati ya getini. Mimi mwenyewe nimewahi kumzuia mkurugenzi na feni. Lakini mniwie radhi, sijafika kwenye tatizo lenyewe. Mmesema kinaprintiwa.

— Ndiyo.

— Basi huenda ni chapisho. Na chapisho lolote, kwa mujibu wa sheria, nakala mbili hupelekwa maktaba ya taifa.

Muuza kahawa alisimama na birika limeinama, kahawa ikapita kikombe ikamwagikia kiatu cha Kipara.

— Nakala mbili za titi? — aliuliza Kipara, bila kukitazama kiatu.

— Sheria haisemi za nini. Sheria inasema chapisho lolote. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ninakiri tulicheka. Hata Sponji alitabasamu, kisha akajishika, akaweka kikombe chini.

— Jamani, mimi sichezi. Saa zinakwenda.

— Basi tuambie, — alisema Kipara, safari hii kwa upole. — Daktari mwenyewe kasema hatari ni zipi?

— Amezisema zote. Amesema ni majaribio, waliowahi kufanyiwa ni wachache. Linaweza kunywea. Mwili unaweza kulikataa. Anaweza kupasuliwa tena kuliondoa. Amesema na kamati yao ya maadili imepitisha.

— Hapo sasa, — alisema Wizara, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuvutiwa na sayansi.

— Mama watoto alimuuliza maswali mpaka daktari akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

— Kumbe sababu nzito unazo, — alisema Kipara. — Kunywea. Kukataliwa. Kupasuliwa tena. Mwambie hizo.

— Hizo anazijua kuliko mimi. Ninataka ambayo haijui.

Maneno hayo yangetosha kumfanya mtu mwenye busara amuulize Sponji swali la pili. Lakini wenye busara hawakuwa kwenye akidi, na Fotokopi alikwishapata moto.

— Ninayo, — alisema, akasogea mpaka ukingo wa benchi. — Ambayo haijui yeye, haijui daktari, haijui hata hiyo kamati ya maadili. Leo wanaprinti titi. Sawa. Kesho mashine imezoea, wanaprinti mkono. Keshokutwa mguu. Mtondo utasikia wanaprinti mtu mzima. Mnanifuata?

— Tunakufuata kwa mbali.

— Siku hiyo, Sponji, mwanamume mwenye pesa zake ataingia dukani, aseme: nataka mke, urefu huu, sauti ndogo, asipende maswali. Wanambonyezea. Anatoka wa moto, bado ananukia wino.

— Lahaula, — alisema Kipara.

— Subiri, ubaya haujafika. Mke huyo hana ukoo. Hana shangazi, hana kaka wa kukupigia simu. Watu watashangilia, watasema dunia imepona. Lakini kisheria ndoa ni ya familia mbili. Muulizeni Wizara.

— Ni kweli, kuna sehemu ya kujaza ndugu wa mke, — alisema Wizara. — Ukiiacha wazi, faili linarudi.

— Umeona! Faili linarudi. Kwa hiyo watalazimika kuwaprinti na ndugu. Na wa kwanza kabisa kuprintiwa, kwa sababu ya utaratibu, atakuwa nani?

Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

— Mama mkwe! — Fotokopi alipiga paja. — Mama mkwe wa kuprinti! Hazeeki, haugui, hana kwao pa kurudi! Umepotea, mwanamume! Kikulacho ki nguoni mwako!

Ile methali ya mwisho ilitua vibaya. Fotokopi mwenyewe aliisikia baada ya kuwa imetoka, akatazama miguu yake. Wizara, ambaye amri ya kunyamaza humfikia kwa kuchelewa, aliendelea:

— Hoja ya mama mkwe ina uzito. Maana mama mkwe wa kuprintiwa naye pia atahitaji...

— Hamjambo, mashemeji?

Sauti ilitoka nyuma ya bega lake. Alikuwa mke wa Sponji. Amevaa gauni la kutokea lililopigwa pasi, mkoba mkononi. Upande wa kushoto wa gauni ulikuwa umelala bapa, na wala hakuwa ameuvutia mtandio. Sisi wanne tuligundua kwa pamoja kwamba barabara ile ina mambo mengi sana ya kutazama: waya wa umeme, jiwe, baiskeli ya mtu.

— Hatujambo, shemeji! Karibu, karibu! — Fotokopi alisimama. — Tulikuwa hapa tunazungumzia bei ya karatasi.

— Nimesikia kuanzia mama mkwe, — alisema mwanamke.

Kipara akapiga chafya isiyokuwepo.

— Kabla ya mama mkwe tulikuwa kwenye kiungo husika, — Wizara alieleza, akidhani anasaidia.

— Kiungo husika?

— Ndiyo. Kile cha... upande wa...

— Linaitwa titi, shemeji. Kila mmoja wenu amelinyonya. — Akamgeukia mumewe. — Ninakwenda zangu hospitali. Nimeona nipite hapa nikuage, maana asubuhi umeondoka kama mtu aliyeiba.

Sponji akanyanyuka. Mikono yake, ambayo tumeiona ikivuta ngozi ya kochi mpaka ikalia kama ngoma, haikujua pa kukaa.

— Mama watoto, usiende.

— Kwa nini?

Akatugeukia. Ndugu msomaji, tangu asubuhi tulikuwa tumezalisha sababu za kutosha kuzuia upasuaji wa bara zima. Aliutazama uso wa Fotokopi, akahamia kwa Kipara, akaishia kwa Wizara. Hakukuwa na hata moja ambayo mtu angeweza kuitamka mbele ya mwanamke yule na kubaki na meno yake.

— Suala bado lipo kwenye kamati, — Wizara alijaribu.

— Kamati ipi?

— Sisi.

— Na kwenye hiyo kamati mimi ni nani?

Wizara alifikiri. Ni mkweli, na utumishi wa umma ulimfundisha kujibu kilichoulizwa.

— Wewe, shemeji, ni ajenda.

Mwanamke yule alicheka. Alicheka kweli, kwa kichwa kutupwa nyuma, na sisi tukapata ujasiri wa kupumua. Kipara ndiye aliyekiharibu kile kicheko, au aliyekiokoa, sijui. Aliuliza swali alilokuwa nalo moyoni, bila methali.

— Shemeji, samahani. Walipokuja mara ya kwanza kutafuta watu wa hayo majaribio, ulikataa. Tulisikia, ila hatukujua ni majaribio ya nini. Ulisema umepona, umechoka na visu, waende kwa wengine. Sasa kimebadilika nini?

Kicheko kikaisha. Hakumtazama Kipara, alimtazama mumewe.

— Nami niwaulize, mashemeji, maana ninyi mnajua kila kitu. Tangu lini mtu anapiga hodi kwenye chumba chake cha kulala?

Fotokopi alifungua kinywa, akakifunga. Wizara hakuinua kidole.

— Nyumba ni yake, — aliendelea. — Kitanda alikiunda kwa mkono wake. Tangu nitoke hospitali, kila siku akirudi kazini nasikia mlango: ngo, ngo, hodi. Nami naitika karibu, kama nimetembelewa na wakala wa bima. Anaingia anatazama dari. Hebu niambie, fundi, dari letu lina nini?

— Nilikuwa nakupa nafasi, — alisema Sponji.

— Nafasi ya nini?

— Ujifunike.

— Nani alikuambia ninajifunika?

Sponji akainamia kiatu chake.

— Miaka miwili nimeketi mle ndani bila kujifunika, — mkewe alisema, polepole. — Nikasema basi, hili kovu limenifukuzia mume. Wakirudi wale wa mashine, nitakubali. Wakarudi.

Muuza kahawa alikuwa ameweka birika chini, kitu ambacho hakifanyi. Barabarani gari lilipiga honi, hakuna aliyegeuka.

— Si kovu, — alisema Sponji hatimaye. Alisema akitazama kiatu chake, lakini alisema. — Wallahi si kovu. Ile siku walipokuingiza, mimi nilikaa kwenye benchi pale nje ya chumba. Benchi lile lina godoro jekundu, limekufa katikati. Nikalikodolea macho. Nikawa nawaza, hapa inatakiwa sponji ya inchi nne, ngumu, na ngozi ivutwe kutoka chini. Nikawaza hivyo mchana kutwa. Nesi alipotoka kuniita, nilimwambia: inchi nne. Akaniuliza, baba, unasemaje? Nikamwambia: inchi nne, hata tatu na nusu inatosha. Nilidhani anakuja kuniambia umekufa, nikasema nimwahi na habari ya benchi.

Akainua macho kutoka kwenye kiatu.

— Sasa nikiliona lile kovu, sikuoni wewe. Naona benchi. Naketi pale tena. Ndiyo maana nabisha, ili uvae, ili nisikae pale. Na leo unataka nirudi nikakae kweli.

— Kwa nini hukusema?

— Ningesemaje? Wewe ndiye uliyekatwa. Mimi nilikaa tu.

Mwanamke yule alibaki amesimama, mkoba umemning'inia. Kisha alifanya kitu ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukifanya kwenye kijiwe chetu: aliketi. Aliketi pale alipokuwa ameketi mumewe, akachukua kikombe cha mumewe kilichopoa, akakinywa chote.

— Hii kahawa ni mbaya, — alisema.

— Ni mbaya, — sote tulikubali kwa pamoja, na muuza kahawa hakupinga.

— Haya, nisikilize, baba watoto. Hili titi, nikilitaka, nitalitaka mimi. Kwa gauni langu na kioo changu. Huenda nalitaka, huenda silitaki. Sikuwahi kujiuliza, nilikuwa nimeshughulika na mlango. Lakini siwezi kuprintiwa titi ili wewe uache kupiga hodi. Hilo halihitaji daktari. — Akasimama, akakung'uta gauni. — Ofisi bado haijafungwa. Twende nyumbani kwanza.

— Kufanya nini? — aliuliza Sponji.

Fotokopi alimpiga kiwiko kidogo cha mbavu.

— Nenda tu, bwana, — alimnong'oneza. — Safari hii sikiliza mtaalamu.

Waliondoka. Yeye mbele, Sponji nyuma hatua moja, halafu mahali fulani karibu na duka la dawa Sponji hakuwa nyuma tena.

Sisi tulibaki. Kipara alikuwa na mteja aliyemwacha kitini amenyolewa nusu ya kichwa; mteja alikuja mlangoni, akatutazama, akaona nyuso zetu, akarudi ndani kungoja zamu yake. Fotokopi alianza kusema kitu kuhusu mashine, akaishia kati. Wizara alikaa upande wake wa benchi, wenye mguu mbovu, na nilipomwangalia nikaona anagonga paja kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mlango fulani.

Muuza kahawa alilipindua birika. Halikutoa kitu.

— Imeisha, — alisema. Lilikuwa neno lake la pili, na hakuna aliyelitilia maanani.

Kahawa ikiisha watu huondoka, ndiyo desturi. Hatukuondoka. Kila mmoja alijipatia kazi ya kufanya palepale, na kazi yenyewe ilikuwa kutazama kona ya duka la dawa. Jua lilikuwa limesogea mpaka miguuni kwetu walipotokea tena, safari hii wakielekea upande wa hospitali. Walitembea sambamba. Mkoba wa mama ulikuwa begani kwa Sponji. Mama alikuwa na gauni lilelile, upande wa kushoto bapa vilevile, na alikuwa anaeleza jambo kwa mikono, mume anasikiliza akimtazama yeye, si juu, si chini.

Walitupita bila kusimama. Kipara hakuweza kuvumilia.

— Shemeji! Umeamuaje?

— Nimeamua, — alisema shemeji, akaendelea na safari.

Tuliwasindikiza kwa macho mpaka walipopinda kona.

— Nimeamua ndiyo, au nimeamua hapana? — aliuliza Fotokopi.

Hakuna aliyejua. Tulitazamana, tukagawana nadharia mbili tatu dhaifu, hazikwenda mbali. Kisha Kipara, ambaye kwa kazi yake hutazama watu kuanzia kidevuni kushuka, alisema kwa sauti ndogo:

— Lakini mmeliona shati la Sponji?

Tulikuwa tumeliona. Vifungo vyote vilikuwa vimepishana, cha kwanza kwenye tundu la pili, na kuendelea hivyo mpaka chini, ncha moja ya shati ikiwa ndefu kuliko nyingine. Asubuhi lilikuwa sawa.

Tulimgeukia Wizara, mwenye kumbukumbu za kikao. Alivuta pumzi, akanyanyuka, akajipangusa suruali. Mtu ambaye hajawahi kuondoka kabla kikao hakijafungwa rasmi, sasa alikuwa anashika njia ya nyumbani kwake.

— Hilo, — alisema, — haliingii kwenye muhtasari.